Mkono wa Nabwire na Hesabu ya Kukwepa

Vijana wa Tororo mlionijia juzi na kompyuta yenu mgongoni, mliniuliza swali moja nami nikawajibu vibaya. Mliuliza: "Mzee Wandera, mchezaji akimpiga adui, na adui ana uwezo wa kukwepa, nafasi ya pigo kufika iwe ngapi?" Nikasema robo tatu. Mkaandika, mkanywa chai, mkaondoka mmefurahi. Jibu lile si la uongo, lakini ni sawa na mtu akuulize njia ya kwenda Dabani umwambie "mbele". Nimekaa nalo tangu siku ile, nikaona niwaandikie. Kuna mengine ambayo singeweza kuyasema nikitazamwa usoni.

Mnanijua kama mzee mwenye migomba na mbuzi wachache. Zamani nilikuwa na kibanda Busia, upande wa Uganda, karibu kabisa na mpaka. Mlangoni nilikuwa nimeandika TUNACHAJI SIMU, TUNAWEKA NYIMBO. Mtu alileta memori kadi ndogo kama ukucha, nami nikamjazia kwaya, vichekesho na michezo. Simu zilikuwa za vitufe, kioo chake kidogo kuliko kiberiti, na betri unaichomoa kwa kucha. Michezo iliyotoka nje ilikuwa ya magari na mpira. Nikajiuliza kwa nini hakuna mchezo ambamo mtu anaanza mnyonge, ana jina lake na tabia yake, anapata nguvu polepole kwa kuhangaika, kama sisi. Shule niliishia kidato cha nne, lakini hesabu nilizipenda kuliko chakula. Nikajifunza kuandika programu kutoka kitabu kisichokuwa na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa. Ndiyo maana hadi leo sijui mambo ya mwanzo yanaitwaje.

Mwenzangu alikuwa Obbo, mchora mabango kutoka Kirewa, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa, bingwa wa ludo ambaye watu walikuwa wakimkimbia. Yeye alichora, mimi nikaandika hesabu. Mchezo tukauita Pango la Mwamba. Unachagua kuwa mkulima mwenye panga, mchungaji mwenye fimbo, au mwendesha baiskeli, halafu unaingia chini ya Mwamba wa Tororo na kupigana na fisi, chatu na majambazi, pango baada ya pango. Ulisambaa wenyewe, kadi kwa kadi, hadi Malaba na Nagongera na ng'ambo Kenya. Nilikuwa nikipita njiani nasikia mlio wa fisi wa Obbo kutoka mfukoni mwa mtu nisiyemjua, natamani kumsimamisha nimsalimie.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Katika mchezo wa namna hii kila pigo lina swali moja: limefika, au limekwepwa? Anayepiga ana ulengaji, anayepigwa ana ukwepaji. Mara ya kwanza nilifanya kama mtoto wa darasa la pili, nikatoa. Ulengaji tisini, ukwepaji ishirini, basi nafasi ni sabini kwa mia. Rahisi, inaeleweka, na ni mbaya kabisa.

Nilijua ubaya wake kupitia kijana mmoja wa bodaboda. Alikuja kibandani akaegemeza mkono mezani.

"Mzee, mchezo nimeumaliza."

"Mapema hivyo? Umetumia nani?"

"Mtu wa baiskeli. Na sijaguswa."

"Hujaguswa na nani?"

"Na yeyote. Nimeweka jiwe juu ya kitufe, nimepeleka abiria Dabani, nimerudi nakuta nimeshinda."

Obbo alicheka hadi brashi ikamdondoka. "Wandera," akasema, "wewe umetengeneza mzimu ukampa baiskeli."

Tulipochunguza, kosa lilikuwa hili, nanyi mlishike vizuri. Ukitoa, kumi za kwanza za ukwepaji hazionekani: adui aliyekuwa anakupata mara tisini sasa anakupata mara themanini, hata huhisi. Lakini yule aliyekwisha fika mahali pa kupigwa mara kumi tu kwa mia, ukimwongezea viatu vya matairi vyenye kumi nyingine, hapigwi tena maisha yake yote. Kumi ni zile zile, ila za mwisho zina thamani kuliko zote zilizotangulia. Kila mchezaji mwenye akili atazirundika sehemu moja, na mkulima wako na mchungaji wako watabaki mapambo.

Basi nikaacha kutoa, nikaanza kugawanya. Ulengaji ugawanywe kwa ulengaji na ukwepaji vikijumlishwa. Hapo ukwepaji hata ukipanda kama moshi, nafasi inapungua tu, haifiki sifuri. Nikafurahi, nikapeleka kwa wachezaji, wakarudi wamekunja nyuso. Wanaolingana nguvu walikuwa wanakosana nusu ya mapigo. Pigano moja na fisi lilichukua muda wa kuivisha maharage. Mama mmoja aliniambia fisi wake na mchungaji wake ni kama watu wanaodaiana mahari, kila mmoja anazunguka. Nikaukata ukwepaji uwe theluthi kabla ya kujumlisha. Kwa njia hiyo, wakilingana, mapigo matatu kati ya manne yanafika. Hiyo ndiyo robo tatu niliyowaambia. Haikutoka mbinguni, ilitoka kwa watu waliochoka.

Obbo naye alinifundisha jambo ambalo hakuna kitabu kilichoniambia. Alikuwa amekaa maisha yake yote mbele ya ubao wa ludo, anawajua watu wanavyotazama dadu likiwakataa. Aliniambia, "Mtu akishindwa mbele ya wenzake, mpe kitu cha kutazama, si cha kumwaibisha." Zamani zile mchezo wetu uliandika neno moja kila pigo lilipopotea: UMEKOSA. Obbo akachora fisi akiruka pembeni, mkia juu, anacheka. Chini tukaandika: FISI AMEKWEPA. Hesabu haikubadilika hata chembe, lakini malalamiko yalipungua mara moja. Watu walianza kumsifu fisi. "Huyu mjanja, muone!" Jifunzeni hilo. Aliyekwepwa anamheshimu adui, lakini aliyekosa anajichukia, au anachukiwa na waliosimama nyuma yake.

Ila UMEKOSA hatukuifuta kabisa, na kosa hilo ni langu peke yangu. Nilikuwa nimeweka dari: hata uwe na nguvu kiasi gani, nafasi yako haipiti tisini na tano kwa mia. Niliamini mtu asiwe na uhakika wa kila kitu, mchezo usije ukalala. Sasa simu ikichagua namba kati ya moja na mia, ikaja juu ya tisini na tano, pigo limepotea, na si kwa ujanja wa fisi. Ni wewe. Nikaona ni haki kusema ukweli, nikaliacha neno lile mahali pale.

Sasa nimfikie Nabwire.

Nabwire alikuwa muuza dagaa. Upande wetu tunawaita mukene. Ukivuka, ng'ambo pale, wanaitwa omena, na bei inabadilika pamoja na jina. Hakuwa mkubwa wala mdogo, alikuwa mama wa watoto wawili, ulimi mwepesi, na ndiye aliyekuwa mjaribu wangu bora. Kila tulipobadilisha hesabu, yeye alikuwa wa kwanza kuijua kasoro. Siku nilipoanza kuonyesha nafasi kwenye kioo, alikosa pigo lililoandikwa tisini, akanijia na simu mkononi.

"Wandera, hii nini?"

"Tisini kwa mia. Maana yake mara kumi unakosa."

"Banange! Wewe ukiniandikia tisini, mimi nasoma 'ndiyo'. Mtu akiniambia debe limejaa, nikikuta limepungua, nitanyamaza?"

Nikamwelewa. Sokoni kwetu namba ni ahadi. Tangu hapo nikawa naandika ndogo kuliko ilivyo kweli: pigo la tisini naliandika themanini. Mwajiuliza kama huo si uongo. Hata mimi nilijiuliza. Lakini nilikuta watu wanasadiki namba ya uongo inayowatendea wema kuliko ya kweli inayowaudhi. Pia niliongeza kitu cha siri: kila ukikosa, pigo lako linalofuata linaongezewa nafasi kidogo, hadi kwenye dari, ili pasiwe na mtu wa kukosa mfululizo hadi arushe simu. Yote hayo niliyatoa kwenye mdomo wa Nabwire.

Asubuhi kwenye uchochoro wa dagaa kabla magunia hayajafunguliwa, wanawake walicheza Pango la Mwamba kwa simu ya Nabwire, kwa zamu, pigo moja moja, simu ikizunguka mkono kwa mkono. Aliyekuwa mkubwa pale ni Mama Achieng, Mkenya, aliyevuka kila alfajiri. Yeye ndiye aliyeuza kwa jumla, na wengine wote, Nabwire akiwemo, walinunua kwake wakaenda kuuza rejareja. Simu ikiwa ya Nabwire, alianza Nabwire. Alipiga, akakosa. Akampa Mama Achieng, Mama Achieng akapiga, ikafika. Ikazunguka hivyo, wakacheka, wakafungua biashara.

Kesho yake Nabwire alianza, akakosa. Keshokutwa vile vile.

Lazima mkumbuke desturi ya soko letu, maana nyinyi mnanunua kwa simu na hamjui anayenunua kabla yenu. Mteja wa kwanza wa siku ana uzito. Mkono wake ukiwa mwepesi, bidhaa inakwisha jua halijapanda. Ukiwa mzito, utakaa na mali yako hadi jioni ukifukuza nzi. Kuna watu walioombwa waje wanunue hata kitunguu kimoja, ili wafungue siku. Na kuna watu walioambiwa wasubiri.

Mwanzoni lilikuwa la mzaha. Mama Achieng alimwambia, "Anza wewe, Nabwire, utoe mkosi, sisi tupige." Wakaifanya ibada. Kila asubuhi Nabwire anapewa zamu ya kwanza ili auondoe ubaya, anapiga, kioo kinasema UMEKOSA, kelele zinapanda, simu inahama. Wengine wakipoteza pigo baadaye, fisi alikuwa amewakwepa, ameruka, anacheka. Nabwire peke yake ndiye aliyekuwa anakosa. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni kwangu, nacheka nao. Nilifurahi kuona mchezo wangu umeleta watu pamoja.

Halafu ikaja asubuhi moja Nabwire akaenda kununua gunia lake kama kawaida.

"Ngoja kidogo," Mama Achieng akamwambia. "Acha huyu wa Malaba afungue."

"Mama Achieng, mimi nimefika kwanza."

"Si nakuambia ngoja? Wewe si umekosa tena leo?"

"Mchezo ni mchezo."

"Ni mchezo, lakini mkono ni ule ule. Wacha hasira, mdogo wangu. Dakika kidogo tu."

Hizo dakika kidogo ziligeuka kuwa desturi. Anayenunua mwisho anapata dagaa wa chini ya gunia, waliovunjikavunjika, wenye mchanga. Wateja wa Nabwire wakaanza kuchagua kwingine. Na muuza mandazi naye akajifunza kumwambia asubiri. Hapo kila mtu alikuwa bado anatabasamu, ndiyo ubaya wake, hakuna aliyemtukana.

Nabwire alikuja kwangu. Alisimama nje ya dirisha, hakukaa kwenye benchi kama alivyozoea.

"Wandera, hii kitu yako ina shida. Iangalie."

"Shida gani?"

"Nakosa kila asubuhi. Unasikia? Kila asubuhi. Fisi wa kwanza."

"Bahati, dada yangu. Namba hazimjui mtu."

"Hazinijui? Basi zinanifuata kwa nini?"

Nikamweleza, kwa sauti ya upole niliyokuwa naipenda kuisikia mwenyewe, kwamba ukirusha sarafu inaweza kulala upande mmoja mara nyingi mfululizo na isiwe na maana yoyote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi sijarusha sarafu," akasema. "Mimi nimewasha simu."

Akachukua betri yake akaondoka.

Nikitafuta kujitetea, nitasema nilikuwa nimechoka na malalamiko. Mtengeneza mchezo wa bahati anasikia mengi. Kulikuwa na mtu aliyeapa kwamba simu inajua siku asizokula. Mwingine alisema ukivuka Kenya fisi wanakuwa wepesi zaidi. Mwalimu mmoja alikuja na hoja ndefu kwamba nimewapendelea wachungaji. Wote hao nilikagua hesabu zao mwanzoni, nikakuta wamekosea, na baada ya muda nikaacha kukagua. Nikawa na jibu moja mfukoni, la sarafu, nikimpa kila mtu. Aliyekuja na ukweli nikampa lile lile.

Nabwire alihama msimu wa mvua. Alimwachia Obbo simu yake akasema amuuzie mtu yeyote, yeye hataki kuiona, na akaenda Nagongera kuuza dagaa huko, mbali na ziwa, mahali ambapo hakuna anayemjua. Obbo aliileta kibandani, akaitupa mezani, akarudi kwenye mabango yake. Nilikuwa nadhani ana hasira na soko. Baadaye nikajua ana hasira na mimi.

Siku moja mchana, hakuna mteja, niliipachika betri nikaiwasha. Ikauliza tarehe, nikaipita. Nikafungua Pango la Mwamba, nikapiga fisi wa kwanza. UMEKOSA. Nikatabasamu, nikasema kumbe simu ndiyo yenye mkono mzito. Nikachomoa betri, nikairudisha, nikafungua tena. UMEKOSA. Pigo la pili likafika. La tatu likafika. Nikachomoa tena. Ya kwanza, UMEKOSA. Ya pili na ya tatu, zimefika. Tabasamu likaniisha.

Mnajua, nanyi mmesoma zaidi yangu, kwamba mashine hairushi dadu. Ina kanuni inayotoa namba moja baada ya nyingine, na mpangilio wote unategemea namba unayoipa mwanzoni. Mimi nilichukua ya mwanzo kutoka kwenye saa ya simu. Wakati nikitafuta makosa yangu, nilitaka mapigano yajirudie vile vile niweze kuyakagua, nikaondoa dakika na sekunde, nikabakiza tarehe na saa tu. Nilikusudia kuzirudisha. Sikuzirudisha.

Kwa simu nyingi haikuonekana, maana saa zilitembea. Ila ya Nabwire ilikuwa kuukuu, ikichomolewa betri inasahau siku, inarudi tarehe ile ile ya mwaka uliopita zamani, saa sita kamili ya usiku. Na Nabwire hakuwa na umeme. Kila jioni alichomoa betri akaiacha kwangu ichajiwe, kwa mikono yangu mwenyewe, asubuhi akaichukua, akaiwasha, akapita palipouliza tarehe, akaanza mchezo. Namba ya kwanza ya mpangilio ule ilikuwa tisini na nane. Juu ya dari. Panga zuri lisingemsaidia, wala nyongeza yangu ya siri, wala kufika robo tatu. Yeyote ambaye angeanza asubuhi ile angekosa. Na walimpa yeye aanze kwa sababu alikosa.

Kurekebisha kulikuwa rahisi. Nilichukua muda unaopita kati ya mtu kubonyeza kitufe kimoja na kingine, hadi sehemu ndogo kabisa za sekunde, nikaufanya namba ya mwanzo. Hakuna anayebonyeza sawasawa mara mbili. Dari pia niliondoa: aliyejijenga hadi akastahili uhakika, apewe. Na UMEKOSA nikaifuta kila mahali. Ilikuwa kazi ya alasiri moja.

Lakini kabla ya kuirekebisha ile simu, niliipeleka uchochoroni asubuhi. Nikawaomba wanawake wasogee, nikampa Mama Achieng aanze. Alisita.

"Mimi? Sijawahi kuanza."

"Ndiyo maana nakuomba."

Akapiga. UMEKOSA. Akautazama mkono wake, akaugeuza, akautazama kiganja. Nikachomoa betri mbele yao nikairudisha, nikampa muuza mandazi. UMEKOSA. Nikampa wa Malaba. UMEKOSA. Nikaeleza mambo ya saa na namba, na nilieleza vizuri, sijawahi kueleza vizuri hivyo. Mama Achieng alikaa juu ya gunia lake.

"Ai, kumbe tulimwonea bure," akasema.

Nikashusha pumzi. Ndipo muuza mandazi akasema, kwa sauti ya mtu anayefikiri, "Au simu imeushika. Amekaa nayo muda mrefu, mkono wake umeingia humo."

Wawili watatu wakaitikia kwa vichwa. Mama Achieng akamkemea, lakini hakumkemea kwa nguvu.

Mwambieni yeyote atakayewafuata katika kazi hii: kanuni unaibadilisha ikabadilika pale pale, ila mlichowafanya watu waamini kinabaki nje, na hakina kitufe. Kwa hiyo mtu akija na malalamiko, hata kama ni wa mia na wote waliotangulia walikosea, chukueni simu yake. Yake, si yenu. Iwasheni kama anavyoiwasha yeye, saa anayoiwasha, mahali anapoiwasha. Msimweleze kitu kabla hamjapiga fisi wake wa kwanza.

Nilikwenda Nagongera siku ya soko, nikafika mapema, wauzaji wengi bado wanafungua vifurushi. Nabwire alikuwa amepanga dagaa zake katika mafungu juu ya turubai, amenenepa kidogo. Akaniona.

"Mulembe, Wandera."

"Mulembe, dada yangu."

Nikachuchumaa kando ya turubai nikamweleza yote. Yeye alikuwa anatoa vijiti na mchanga kwenye dagaa, hakusimamisha mikono.

"Kwa hiyo yeyote angeanza, angekosa," akasema nilipomaliza.

"Yeyote."

"Hata wewe."

"Hata mimi. Ningekusikiliza siku ile, ningejua kabla ya jioni. Nisamehe."

"Nawe ulikuwa unacheka pale mlangoni."

"Nilicheka."

Akapanga fungu moja upya.

"Mama Achieng anasema urudi," nikamwambia. "Anasema gunia utalifungua wewe, wa kwanza."

"Amesema hivyo kweli?"

"Amesema."

"Ni mtu mzuri." Akapuliza vumbi kwenye viganja. "Lakini nikifungua, watakaa kuangalia. Gunia likichelewa kuisha siku moja tu, utasikia. Mimi sitaki kila asubuhi niwe mtihani. Hapa hakuna anayenihesabu."

Nikasimama, magoti yakalia, nikatoa pesa mfukoni nikamwambia anipimie kikombe kimoja, nimpelekee mama wa nyumbani. Mkono wake ukaenda kwenye kikombe. Ukasimama. Akaangalia mafungu yake yote, hayajaguswa, kisha akaniangalia mimi, na niliona ana haya.

"Wandera, usikasirike," akasema. "Leo bado sijafungua. Simama hapo pembeni kidogo, acha mwingine anunue kwanza."

Nikamwambia hakuna neno. Nikarudisha pesa mfukoni, nikasogea hadi kwenye nguzo ya kibanda cha jirani. Jua lilikuwa linapanda na watu wanaanza kuingia sokoni. Kila aliyekaribia nilimtazama miguu, nikiomba moyoni asimame. Mama mmoja aliinama, akashika dagaa, akanusa, akauliza bei, akaenda zake. Nabwire hakugeuka upande wangu. Nikaendelea kusimama.